UZI: Mchezo wa Nyumba – kete 16 za kufundishia wanachuo uadilifu wa kitaaluma

MwembeRaskazone (Tanga) – #1

Wadau, habari za jioni.

Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza huwa na saa moja ya uadilifu wa kitaaluma. Slaidi za sheria, fomu ya kusaini, kwaherini. Wiki ya sita madesa (kazi za wengine za kunakili) yanazunguka kwenye grupu kama kawaida. Si kwamba hawakusikia. Slaidi iliwaambia wanachokijua: hakuna anayeingia chuo akidhani kuandikiwa kazi na stesheneri ni halali. Kinachomshinda mtu ni saa nne usiku, asaimenti mbili mezani, bando limekata, na desa la mwaka jana liko kwenye simu.

Mchezo huu unaanzia hapo, na una sharti moja ambalo silegezi: ndani ya mchezo, kudesa lazima kulipe. Michezo mingi ya somo hili hufa kwa sababu anayedesa anaangushwa kila mara. Duru ya pili tu mwanafunzi keshajua mwalimu anataka jibu gani, basi anachagua kadi ya malaika mpaka mwisho huku anachati.

Meza moja ni watu watano: wachezaji wanne na karani. Inahitaji kete 16, dadu moja, kadi 8 za hali, karata pakiti moja na karatasi ya karani. Seti ya bao ina kete 64, kwa hiyo inatosha meza nne barabara. Kwenye karata kila mchezaji anachukua rangi yake (kopa, uru, pao au shupaza) na anabaki na kadi tatu tu: mbili, tatu na nne. Rangi ndiyo inayomwonyesha karani nani kacheza nini.

Kete zote 16 ziko kwenye sahani katikati. Hiyo ndiyo nyumba. Si ya mtu mmoja, ni heshima ya cheti ambacho wote wanne watatoka nacho. Kila mchezaji anaanza na alama 6 kwenye karatasi ya karani.

Karani anasoma kadi ya hali kwa sauti. Mfano, kadi ya 3:

"Ripoti ya fildi inafungwa saa 6 usiku. Una kurasa 4 kati ya 10. Aliyefanya fildi ofisi hiyo hiyo mwaka jana amekutumia yake kwa WhatsApp."

Kadi yenye namba mbili maana yake wasilisha ulichonacho: alama 2, hakuna maswali. Kadi tatu, mwandikie mwalimu uombe muda kabla saa haijapita: dadu ikitoa 3 hadi 6 amekubali, alama 3, ikitoa 1 au 2 amekataa, unabaki na alama 1. Kadi nne, desa: dadu 3 hadi 6 umepita, alama 6, ikitoa 1 au 2 umekamatwa, unakatwa alama 6.

Sekunde 60, bila kuongea, kila mmoja anampa karani kadi moja kifudifudi. Karani anaziangalia peke yake. Kwa kila kadi ya namba nne aliyoiona anatoa kete moja kwenye nyumba, awe mwenyewe atakamatwa au hatakamatwa. Ndipo dadu inarushwa, mara moja kwa meza nzima. Ikitoa 1 au 2, waliodesa wanatajwa. Ikitoa nyingine, kadi zinarudi kimya kimya. Meza inabaki inaitazama sahani: kete mbili zimeondoka, na hakuna anayejua za nani.

Duru ni 8. Mwishoni kete zilizobaki zinagawanywa kwa wanne, kila kete alama moja. Nyumba ikiisha kabla ya hapo, meza nzima inapata sifuri, hata aliyekuwa na alama 40.

Hali nyingine zinazofaa kadi: mwenzako anakuomba umsainie mahudhurio, kikundi cha watu sita na wawili hawajaonekana tangu siku ya kugawana kazi, swali la mtihani limevuja kwenye grupu usiku wa kuamkia, dodoso 30 na umepata wahojiwa 11. Kadi ya "umemwona rafiki yako na kikaratasi cha majibu kwenye mtihani" iacheni nje. Haiingii kwenye njia tatu hizi, ni mazungumzo ya peke yake.

Kila duru dakika 4, jumla 32. Maelekezo 10. Mazungumzo ya mwisho 40, na hayo msiyakate, bora mkate duru mbili.

---

Fundi_Takwimu – #2

Mkuu, hesabu zimekaa. Ngoja nizianike ili mtu asije akaziharibu kwa nia njema.

Pande mbili kati ya sita zinakamata. Kudesa mara moja: nne ya sita ya alama 6 ni 4, ukitoa mbili ya sita ya alama 6 unabaki na wastani wa 2. Sawasawa na kuwasilisha ulichonacho. Kuomba muda kuna wastani wa 2.33. Kwa hiyo njia yenye faida kuliko zote, kwa nywele tu, ni kuomba, na ndiyo isiyomjia mtu akilini.

Msiguse adhabu ya 6. Ukiishusha kuwa 3, wastani wa kudesa unapanda kuwa 3 na meza nzima inafuata huko. Wanne wakidesa kila duru nyumba inakwisha duru ya nne. Ukiipandisha kuwa 12, wastani unakuwa sifuri, hakuna anayedesa, na umerudi kwenye slaidi.

Ya kuandika ubaoni baada ya mchezo: kupona mara moja ni 67 kwa 100. Kupona duru zote 8 ni theluthi mbili izidishwe yenyewe mara nane, chini ya 4 kwa 100. Waache wapige wenyewe kwenye simu. Halafu waonyesheni hii: wote wanne wakiwasilisha walichonacho duru zote, kila mmoja anaishia na 6 na 16 na 4, yaani 26. Mmoja akidesa duru zote 8 huku wengine wametulia, wastani wake ni 24, na wale watatu nao wanashuka kutoka 26 hadi 24 bila kosa lolote. Hapo ndipo kelele huanza darasani.

Anayetaka hatari zitofautiane kadi kwa kadi: kukamatwa kwa 1 tu, malipo yawe 4, kukamatwa kwa 1 hadi 3 (chumba cha mtihani), malipo yawe 10. Adhabu ibaki 6. Ukibadilisha hatari bila kubadilisha malipo, kadi moja itakuwa ya bure na nyingine haitaguswa na mtu.

---

BintiNgamiani (Tanga) – #3

Mwalimu, mchezo mzuri ila vifaa vina tatizo. Ukiweka dadu na karata mezani hapa Tanga, kuna wanafunzi, wala si wachache, watakaokataa kuzigusa kwa sababu za dini. Na wana haki yao. Usiwalazimishe kwa kusema "hakuna pesa", maana kwa wengi wao suala si pesa.

Dadu: andika 1 hadi 6 kwenye vipande sita vya karatasi, vikunje, tia kwenye kikombe, karani anachomoa na kurudisha. Karata: manila ya rangi nne, kata vipande 3 kwa kila rangi, andika namba. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande 16, kwa hiyo A4 nne za rangi nne tofauti zinatosha meza tano na kinabaki kipande kimoja kimoja. Mkasi mmoja, dakika ishirini.

Na neno "kamari" lisitajwe hata kwa utani.

---

MwembeRaskazone – #4

Dada umenena. Kuanzia sasa ni kikombe na manila. Anayetaka dadu atumie kwake.

---

Kimbi – #5

Kwa upande wa bao jina limepotoka kidogo. Nyumba ya bao huanza na kete 6, na kila mchezaji ana yake. Hakuna nyumba ya wote. Mzee yeyote wa barazani atakusimamisha hapo hapo.

Ila nakubali liitwe hivyo. "Hazina" lingenuka ofisi.

---

Komwe_Kavu – #6

Swali. Kwa nini kete zisilipwe kwa wachezaji badala ya alama za karatasi? Kushika kitu mkononi kuna raha yake.

---

MwembeRaskazone – #7

Ukilipa kete mkononi, aliyepokea sita kajulikana. Aliyepokea mbili naye kajulikana. Siri imekufa duru ya kwanza, na bila siri kinachobaki ni aibu ya kutazamwa. Darasani mtu anatazamwa. Saa nne usiku hatazamwi. Kete za nyumba tu ndizo zinazoonekana, alama zote ziwe kwa karani na zisomwe mwishoni.

Kwa sababu hiyo hiyo alama za mchezo zisiingie kwenye koziweki. Hata alama moja. Ukizihesabu, watakubaliana nje ya mlango wote wacheze mbili, kila mmoja apate 26, na hutajifunza kitu kuhusu darasa lako.

---

NjiaYaMsata (Bagamoyo) – #8

Nitakuwa mkorofi kidogo, mniwie radhi. Hapa mnamfundisha mtu kupiga hesabu ya kukamatwa. Anatoka darasani amejua hatari ni theluthi moja, anakwenda kitaani anakuta hatari halisi ni ndogo kuliko hiyo, anadesa kwa raha zaidi kuliko jana. Uadilifu uko wapi humo?

---

MwembeRaskazone – #9

Kaka, ukorofi wako ndio swali la kwanza la yale mazungumzo ya dakika 40. Liulize hivyo hivyo: "Chuoni kwetu dadu ina pande ngapi zinazokamata? Kama ni upande mmoja kati ya ishirini, nyinyi mliocheza mbili mlikuwa mnaogopa nini?" Mjibu kwa kunyamaza, waache waongee. Jibu la kuogopa dadu linaisha haraka. Yanayofuata ndiyo unayoyataka: wengine watataja nyumba, wengine jina lao, mmoja atasema hakuona sababu ya kulipa ada halafu kazi ifanywe na mwingine.

Usiulize "nani alidesa?" Hata kwa kucheka. Karatasi za karani zinakusanywa bila majina, rangi tu.

Swali la pili: nyumba ilianza kupungua duru ya ngapi, na mlipoiona imepungua mlifanya nini? Karani ana jibu mbele yake, asome idadi ya kadi nne kwa kila duru. Meza nyingi zina umbo moja: duru ya kwanza hakuna au mmoja, ya pili mmoja, ya tatu watatu. Waliofuata hawakuwa na tamaa, walikataa kubaki wajinga peke yao. Hilo mwanafunzi akiliona kwenye takwimu za meza yake mwenyewe, huhitaji kumhubiria kuhusu mikumbo ya grupu la WhatsApp.

Swali la tatu ndilo ambalo walimu tunalikimbia: kwa nini kadi tatu haikuchezwa wakati Fundi kaonyesha ndiyo yenye faida? Wanafunzi watakwambia hawajui kama kuomba muda kunaruhusiwa. Basi uwe na kanuni za chuo chako mkononi: anaombwa nani, siku ngapi kabla, kwa barua au kwa barua pepe, na kisichokubalika kama sababu ni kipi. Kama chuo hakina utaratibu, au kinao na kila mwalimu ana wake, mchezo umekufunulia shimo na si la wanafunzi.

Kwa wanaopenda mfumo, kituo cha kimataifa cha uadilifu wa kitaaluma, ICAI, kina maadili sita: ukweli, kuaminiana, haki, heshima, uwajibikaji na ujasiri. Ujasiri uliongezwa baadaye, mwanzoni yalikuwa matano. Yako sita na vipande vya kikombe ni sita, kwa hiyo chomoa namba, na kila meza iseme ni duru ipi liliguswa neno hilo. Ujasiri huangukia kadi tatu karibu kila mara.

---

NjiaYaMsata – #10

Hapo kwenye kadi tatu nimekuelewa. Mengine bado nayatafuna.

---

Mkutubi_Pwani – #11

Mchezo wa Nyumba unashughulika na anayejua kuwa anakosea. Kuna kundi la pili, kubwa vilevile: asiyejua. Huyu hadesi, anabadilisha maneno matatu, anaweka jina la mwandishi kwenye mabano, na anaamini kamaliza. Kwake unahitaji mchezo wa aya. Dakika 25, wawili wawili, hakuna kifaa zaidi ya karatasi moja.

Juu ya karatasi weka chanzo. Tuseme hiki, kama kimo kwenye kitabu ukurasa wa 14:

"Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyosalimika vilikuwa 62 tu, na mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalianzia hapo."

Chini yake weka matumizi matano:

A. Mnamo 1893 bingwa wa kilimo kutoka Ujerumani, Richard Hindorf, aliagizia machipukizi 1,000 ya mkonge toka Florida. Yaliyopona yalikuwa 62 pekee, na mashamba ya katani ya Tanganyika yakaanzia hapo (Mwandishi, mwaka).

B. Zao lililoijengea Tanga jina lilitokana na mimea 62, masalia ya shehena ya vichipukizi 1,000 ambayo Hindorf aliiagiza mwaka 1893.

C. Sawa na B, ila mwishoni pana (Mwandishi, mwaka).

D. Sentensi za chanzo neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, pana mwandishi, mwaka na ukurasa wa 14.

E. Mkonge ni zao linalolimwa mkoani Tanga.

Kila wawili wana alama 10 za kugawanya juu ya zile wanazoamini ni safi. (BintiNgamiani, nimeandika kugawanya, sikuandika dau.) Safi ni C, D na E. Alama zilizowekwa A na B zinapotea.

Karibu alama zote zinazopotea huwa za A, kwa sababu ina rejea. Msimame hapo muda mrefu. Chora mstari chini ya kila neno la A lililobaki mahali pake: mpangilio wa sentensi, mfuatano wa hoja, hata "yakaanzia hapo" ni vya mwenye kitabu. Kilichobadilika ni maneno tu, kama "mtaalamu" kuwa "bingwa" na "mkonge" kuwa "katani". Hiyo ni aya ya viraka. Rejea inamwambia msomaji wazo limetoka wapi, haikupi ruhusa ya kubeba sentensi. Dawa yake ni ya mikono: soma chanzo, kifunike, mweleze mwenzako kwa mdomo, andika ulichosema, kisha funua ukague tarakimu.

B inabishaniwa kwa njia nyingine: "Mbona kila mtu wa Tanga anajua mkonge?" Kila mtu anajua mkonge unalimwa, ndiyo maana E haidai rejea. Hakuna anayezaliwa anajua 62. Tarakimu ambayo msomaji angeuliza "umeitoa wapi" inataka chanzo.

Chanzo kikiwa cha Kiingereza na mwanafunzi akakitafsiri sentensi kwa sentensi, hiyo nayo ni nukuu. Atoe rejea na aseme tafsiri ni yake. Kufasiri peke yake hakumfanyi kuwa mwandishi.

---

Pangani_Mto – #12

Na programu ya kufananisha maandishi, kama Turnitin, ingesemaje juu ya hizo tano?

---

Mkutubi_Pwani – #13

D ndiyo ingewaka rangi zaidi, na ni safi. B huenda isiwake kabisa, na ni kosa. Ndiyo maana asilimia kwenye ripoti ya Turnitin ni ya kufanana. Haipimi wizi. Kazi yenye 30 inaweza kuwa ni nukuu halali, orodha ya marejeo na jalada la chuo. Yenye 9 inaweza kuwa na aya moja nzima ya mtu katikati. Ondoa nukuu na marejeo kwenye mipangilio kabla ya kusoma namba, halafu usisome namba, fungua palipowaka.

Kiwango cha "isizidi asilimia fulani" kikitangazwa bila maelezo, wanafunzi wanageuka mafundi wa kushusha namba. Hapo ndipo aya A inapozaliwa.

---

MwanaChumbageni (Tanga) – #14

Akili mnemba mmeiacha wapi? Siku hizi hadesi kwa rafiki, anadesa kwa ChatGPT.

---

Fundi_Takwimu – #15

Kabla hamjakimbilia programu za kugundua: utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 ulipitisha insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza), zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa za mashine. Mwanafunzi wetu anayeandika Kiingereza cha sentensi fupi na maneno ya kawaida ndiye atakayeumia. Kigunduzi kisiwe ushahidi wa kumpeleka mtu kwenye kamati.

---

Mkutubi_Pwani – #16

Naunga mkono. Kinachokamatika kwa haki ni rejea zisizokuwepo, na hizo zina mchezo wake: Msako wa Rejea. Andaa marejeo 10, sita ya kweli na manne ya kutungwa. Ya kutungwa yafanane na ya kweli: jina la jarida la kweli, mwaka unaoaminika, kichwa kinachonoga. Moja lipe DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) ya kweli ya makala nyingine kabisa, maana ndivyo mashine inavyokosea mara nyingi. Kikundi cha watano, simu moja, dakika 15.

Hatua wanazofundishwa ni hizi kwa mpangilio. Nakili DOI (huanza na 10 na nukta) uifungue kupitia doi.org, kisha soma kichwa kinachotokea. Usiridhike kwamba imefunguka. Ikiwa hakuna DOI, tafuta kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu. Kisipopatikana, nenda kwenye ukurasa wa jarida, tafuta juzuu na toleo la mwaka huo, angalia kama kurasa zilizotajwa zinaangukia humo. Mwisho, mtafute mwandishi uone kama anaandika juu ya jambo hilo.

Alama 1 kwa kila jibu sahihi, toa 2 kwa kila rejea ya kweli iliyoitwa ya uongo. Bila makato hayo, kila rejea watakayoshindwa kuipata wataiita ya uongo haraka haraka. Kumbuka pia makala nyingi za Kiswahili hazina DOI wala hazionekani kirahisi mtandaoni, kwa hiyo angalau rejea mbili za kweli ziwe za namna hiyo, ili wasijenge tabia ya kudhani kisichoonekana kwa simu hakipo. Hizo mbili weka nakala yake maktaba, mmoja wa kikundi atembee.

Bando likiwa shida, chapisha kurasa za yaliyomo za majarida hayo na uzigawe. Inapoteza ladha kidogo lakini inafanya kazi.

---

Dunda2 (Bagamoyo) – #17

Niongezee la data za kupika, maana lile dodoso 30 na wahojiwa 11 halikuishia kwenye kadi.

Mchezo wa shilingi. Gawa darasa vikundi viwili, mwalimu atoke nje. Kundi moja linarusha shilingi mara 100 na kuandika upande uliotokea, kwa jina lolote mnaloita pande zake, kwa mfuatano. Kundi la pili linatunga mfuatano wa 100 bila kurusha, lifanye uonekane wa kweli. Zote ziandikwe ubaoni bila jina. Mwalimu anarudi na kutaja ya kutungwa.

Siri: tafuta mfululizo mrefu zaidi wa upande mmoja. Shilingi halisi ikirushwa mara 100, mfululizo wa sita au zaidi hutokea kama mara 8 kati ya 10. Mtungaji akishaandika nne mfululizo mkono unamwasha, anabadilisha. Kwa hiyo mfuatano usio na sita mfululizo ndio wa kupikwa, na utapatia mara nyingi. Si kila mara, na hilo liseme wazi: ni dalili ya kukaa na mtu na kumuuliza, hukumu bado.

Kisha wape dodoso 20 za kuigiza, 10 zimejazwa na watu tofauti na 10 zimejazwa na mtu mmoja kwa kikao kimoja. Waache wazichambue. Wataona wenyewe: hakuna swali lililorukwa, hakuna aliyeandika pembeni, umri wote unaishia 0 au 5, majibu ya wazi yote yana urefu mmoja, na wino haubadiliki. Mhojiwa wa kweli wa Magomeni au Kaole anaruka swali la kipato, anaulizwa mara mbili, anajibu kwa hadithi.

Kwa wanafunzi wa sanaa kadi za hali zibadilishwe. Huku Bagamoyo swali si aya, ni ngoma. Kadi moja iseme: "Mzee amekufundisha hatua na maneno ya wimbo siku tatu. Onyesho la mwisho wa muhula ni lako. Nafasi kwenye kijitabu ni ya jina moja." Nyingine iwe ya sauti iliyorekodiwa kwa simu bila mwenyewe kuombwa. Wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba mzee naye ni chanzo, na kwamba mahojiano yana namna yake ya kurejelewa: jina kama ameridhia, mahali, tarehe.

---

Pangani_Mto – #18

Darasa la watu 160, mwalimu mmoja, viti vya kupigiliwa sakafuni. Inawezekana au niache?

---

MwembeRaskazone – #19

Inawezekana, ila sio kama ilivyo. Meza 32, makarani 32. Kaa na makarani dakika 20 siku moja kabla na mcheze duru mbili za majaribio; karani asiyejua kazi ndiye anayeharibu meza kuliko mchezaji. Hali isomwe na wewe kwa kipaza sauti, kadi moja kwa ukumbi wote, na kikombe kichomolewe mbele mara moja kwa wote. Kelele zinapungua na hakuna meza inayotangulia. Viti vya kupigiliwa: wawili mstari wa mbele wageuke, wawili nyuma yao, karani mwisho wa kiti. Sahani iwe mapajani mwa karani lakini ionekane.

Duru zipungue ziwe 6, na nyumba ianze na kete 12. Ukiacha 16 kwa duru 6 nyumba haifiki pabaya kirahisi.

Mazungumzo ya watu 160 hayapo. Kila meza iandike sentensi mbili kujibu swali la pili, kusanya, soma kumi. Swali la tatu litunze kwa semina.

---

Komwe_Kavu – #20

La mwisho: karani mwenyewe akidesa? Anaweza kumwongezea rafiki yake alama, au kuacha kete kwenye sahani.

---

MwembeRaskazone – #21

Mwacheni. Mwisho wa mchezo hesabu kadi zote za namba nne zilizoandikwa kwenye karatasi yake, toa kwenye kete za mwanzo, linganisha na zilizobaki kwenye sahani. Zisipolingana kuna mkono umepita. Meza ijadili hiyo badala ya swali la kwanza. Msiandike kadi ya hali kuhusu karani kudesa mapema, watajiandaa.

---

Pangani_Mto – #22

Basi meza 32 kwa kete 12 ni 384. Seti za bao sita. Chuo hakitanunua.

---

Dunda2 – #23

Maharage, mkuu, kilo moja na yanabaki. Ukitaka komwe zenyewe, mkomwe umejaa ufukweni huku. Chukua glavu, ule mti ni miiba mpaka kwenye ganda.